Mfumo wa Mafuta wa Subaru ya Turbo ya Mashindano: Mwongozo kwa Mafundi

Mwongozo huu ni wa fundi aliyeletewa Subaru Impreza WRX au STI yenye injini ya EJ20, akaambiwa na mwenyewe: niongezee nguvu, nataka kuipeleka kwenye mashindano. Magari haya ni mengi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na mengi yaliletwa kutoka Japan yakiwa yametumika. Mara nyingi mwenye gari huja akiwa ameshanunua turbo kubwa zaidi na eksozi mpya. Mfumo wa mafuta anaukumbuka mwisho, kwa kuwa hauonekani na hauna mlio wa kujivunia. Ni kazi ya fundi kuutanguliza.

Sababu yake iko ndani ya silinda. Hewa ikiongezeka bila petroli kuongezeka kwa kiwango kile kile, joto la mwako hupanda, injini huanza kugonga, na pistoni hutoboka au kuvunjika pale zinapokaa ringi. Sekunde chache za gia ya nne, akseleta ikiwa imekanyagwa hadi chini, zinatosha kuiua injini iliyogharimu mamia ya maelfu ya shilingi za Kenya. Isitoshe, injini za STI zilizotengenezewa soko la Japan zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya huko, yenye okteni karibu 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo, kwa hiyo pengo kati ya usalama na hasara ni jembamba zaidi kwetu.

Hesabu kwanza, duka baadaye

Usiagize spea yoyote kabla hujakubaliana na mteja juu ya nguvu anayoitaka. Injini ya petroli yenye turbo, ikifanya kazi kwa uwezo wake wote, hutumia takribani gramu 270 za petroli kwa kila nguvu-farasi moja kwa saa. Tuseme lengo ni nguvu-farasi 350 kwenye injini. Hizo ni kilo 95 hivi kwa saa. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu kilo 0.74, hivyo zinahitajika lita 128 kwa saa, sawa na sentimita za ujazo 2,140 kwa dakika. Gawanya kwa injekta nne, kila moja inadaiwa 535.

Lakini injekta haipaswi kukaa wazi muda wote. Injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, kila silinda ina milisekunde 17 tu kutoka sindano moja ya petroli hadi nyingine, na injekta inahitaji sehemu ya muda huo ili kufunguka na kufunga. Weka ukomo wa asilimia 85. Ukigawanya 535 kwa 0.85 unapata 630, kwa hiyo injekta za 650 hadi 750 zinafaa kwa lengo hili. Kubwa kupita kiasi nazo zina adhabu yake: gari linasumbua likiwa limesimama huku injini ikinguruma, plagi zinaingia masizi, na petroli inapotea bure. Kama mteja anafikiria mafuta yenye ethanoli ya asilimia 85, ongeza theluthi moja au zaidi katika kila hesabu, na hakikisha kila mpira na sili vinastahimili ethanoli.

Sasa pampu. Lita 128 kwa saa zinaonekana chache ukilinganisha na namba 255, yaani lita kwa saa, iliyoandikwa kwenye boksi la pampu, na hapa ndipo penye mtego. Namba ile hupimwa kwa shinikizo la karibu bar 3 na umeme wa volti 13.5 hivi. Katika Subaru hizi, regulata imeunganishwa na manifoldi ya hewa kwa mpira mwembamba, ili shinikizo la petroli lipande sambamba na shinikizo la turbo. Turbo ikisukuma bar 1.5, petroli kwenye reli lazima ifike bar 4.5. Pampu yoyote, kadiri shinikizo linavyopanda, hutoa petroli pungufu, na umeme ukipungua kiasi hicho hushuka tena. Kwa hiyo tafuta jedwali la mtengenezaji, soma mstari wa bar 4.5 hadi 5 kwa volti 12 hadi 13, na hakikisha unabaki na ziada ya asilimia 20 juu ya hesabu yako. Pampu halisi ya 255 inaweza kulimudu lengo la nguvu-farasi 350 ikipata umeme safi. Ya 320 au 340 inakuacha na nafasi ya kupumua. Ya 450 ni kubwa mno kwa kazi hii: paipu ya kurudishia petroli ikishindwa kupitisha ziada yote, shinikizo hupanda hata injini ikiwa haina kazi, na regulata haiwezi tena kulitawala.

Pampu bandia zenye jina la kampuni ya Walbro zimesambaa dunia nzima, na boksi zake zinafanana sana na za kweli. Ndiyo maana ninasisitiza kipimo hiki, ambacho hakihitaji mashine ya ghali. Gari likiwa nje, injini imezimwa na ni baridi, chaja ikiwa imeunganishwa na betri, elekeza mpira wa kurudishia petroli kwenye chombo cha chuma chenye alama za ujazo. Kwa pampu ya mkono, peleka bar 1.5 za hewa kwenye tundu la regulata linalotoka manifoldi, kisha washa pampu ya petroli kwa nusu dakika kamili. Hesabu yetu inadai lita 1.07. Ukipata chini ya lita 1.3, usiendelee.

Umeme na paipu

Kabla ya kuilaumu pampu, pima volti kwenye plagi yake ikiwa inafanya kazi, kisha pima kwenye betri. Tofauti ikizidi nusu volti, nyaya ndizo zenye kosa. Vuta waya mpya wa milimita za mraba 4 au zaidi kutoka kwenye betri, weka fyuzi karibu na betri yenyewe, na pitisha umeme kwenye rilei. Aina nyingi za miaka ya 2000 zina kidhibiti kinachopunguza mwendo wa pampu wakati injini haina mzigo. Kidhibiti hicho kilipangiwa pampu ya kiwandani, kwa hiyo kihesabu unapoweka kubwa zaidi. Kisichokubalika ni kuunganisha pampu moja kwa moja na swichi ya ufunguo. Rilei iendelee kupokea amri ya kompyuta, ili injini ikizimika kwa ajali, pampu nayo izime. Gari lililopinduka huku pampu ikiendelea kumwaga petroli ni moto unaosubiri cheche.

Kuhusu mipira, soma maandishi yaliyochapwa juu yake. Mpira unaozama ndani ya tangi uwe na alama ya SAE 30R10. Ule wa nje unaobeba shinikizo la sindano uwe 30R9 au bora zaidi. Mpira wa kawaida wa petroli ukizamishwa ndani ya tangi hulainika na kupasuka, shinikizo likapotea bila hata tone moja kuonekana nje. Injini hii ina reli mbili, moja kila upande, na mipira iliyojificha chini ya manifoldi ambayo mingi ina umri wa miaka 20 au zaidi. Manifoldi ikishashuka, badilisha mipira yote, na uipitishe mbali na turbo iliyo nyuma upande wa kulia wa injini.

Tangi la gari hili limepanda juu ya shafti kama tandiko juu ya punda, petroli ikigawanyika pande mbili. Kwenye kona ndefu ya kasi, petroli hukimbilia upande mmoja na pampu ikanyonya hewa. Kwa mteja wa siku moja moja, mwambie asianze mzunguko tangi likiwa chini ya nusu. Kwa anayeshindana kwa dhati, funga tangi dogo la akiba la lita 1.5 au 2 lenye pampu yake, na ukuta wa chuma umtenge dereva nalo.

Usalama wa karakana

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutuama kwenye shimo la karakana na kukaa humo kwa saa kadhaa, kwa hiyo kazi ya mafuta isifanyike kamwe juu ya shimo. Toa fyuzi ya pampu na uache injini iungurume hadi izime yenyewe, ndipo ufungue betri na kulegeza paipu. Grinda, mashine ya kuchomelea na jiko la chai vikae mbali. Kizimamoto cha poda au povu kiwe karibu na mkono.

Na tuache kunyonya petroli kwa mdomo. Tone likiingia mapafuni huleta nimonia ya kemikali, na vijana wanaojifunza kazi hutuiga wanavyotuona. Pampu ndogo ya mkono ni rahisi kuliko hospitali.

Mizani ya mwisho

Ingiza kwenye kompyuta takwimu halisi za injekta ulizofunga, pamoja na muda zinaochelewa kufunguka kwa kila kiwango cha volti. Funga sensa ya shinikizo kwenye reli na sensa pana ya oksijeni kwenye eksozi, kisha rekodi. Shinikizo la petroli ukitoa la manifoldi lazima libaki bar 3 kutoka mwanzo hadi mwisho. Mchanganyiko wa hewa kwa petroli chini ya mzigo kamili ukae kati ya 11.0 na 11.8. Shinikizo hilo la petroli likishuka kwa bar 0.3, akseleta iachwe papo hapo.

Kumbuka pia mwinuko wa mahali. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, hewa ina shinikizo la bar 0.83 badala ya 1.01 ya Mombasa au Dar es Salaam. Gari ambalo turbo yake inadhibitiwa kwa springi, likipimwa Nairobi kwa bar 1.2, litameza hewa zaidi kwa karibu asilimia 9 likishuka pwani na saa ya turbo ikisoma namba ile ile. Mfumo uliokuwa umefika ukingoni juu utashindwa chini. Pima upya huko huko.

Mkabidhi mteja karatasi yenye vipimo hivi vyote, tarehe na jina la karakana yako. Shinikizo likiwa halishiki, punguza nguvu ya turbo hadi litakaposhika, hata kama mashindano ni kesho na mteja amekasirika.