Timu ya makasia ya wasichana chuoni: mambo ya kutangulizwa

Korbesa iko kando ya Ewaso Nyiro, upande wa Merti, lakini mto huo haufai kufundishia makasia. Kiangazi kikizidi unabaki mchanga, mvua ikinyesha huko juu unafurika ghafla, na mamba wamo. Binti wa Korbesa akiupenda mchezo huu ataukuta chuoni, kwenye bahari au ziwa, huenda bila kuwahi kuogelea hata siku moja. Chuo kinachoanzisha timu ya wasichana kimfikirie yeye kabla ya kununua mashua.

Kuchelewa kuanza si kikwazo, wala ulemavu. Kathleen Noble wa Uganda alijifunza kupiga makasia akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, na mwaka 2021 akawa mpiga makasia wa kwanza wa Uganda katika Olimpiki, mjini Tokyo. Mwaka huohuo Asiya Sururu wa Mombasa, aliyepoteza miguu yote miwili utotoni katika ajali ya treni, aliiwakilisha Kenya katika makasia kwenye Paralimpiki.

Muhula wa kwanza uwe wa kuogelea na wa mashine ya makasia. Asiyeweza kuogelea mita 50 na kuelea akiwa na nguo asipande mashua, hata awe na nguvu kiasi gani. Kwenye mashine, kocha aangalie mpangilio: miguu husukuma kwanza, kisha mgongo hulala nyuma kidogo, mikono huvuta mwisho. Kurudi ni kinyume chake: mikono, mgongo, magoti. Wageni wengi huvuta kwa mikono tangu mwanzo, na mgongo ndio unaoumia.

Mashua ya mbio ya mtu mmoja ni nyembamba mno kwa mwanafunzi mpya. Kwa pwani yetu nashauri zile pana za baharini. Mbio zake za ufukweni zimeingizwa katika Olimpiki ya Los Angeles 2028. Kabla ya kuingia majini, kagueni viatu vilivyofungwa ndani ya mashua: mguu uchomoke mara moja mashua ikipinduka. Boti ya injini yenye jaketi za kuokolea iwafuate kila mara. Ziwa Victoria lina kichocho, basi vipimo vya afya visisahaulike.

Sare ya mikono mirefu na hijabu ya michezo iruhusiwe bila mabishano. Wakati wa Ramadhani mazoezi mazito yahamie baada ya futari. Kocha asimpime msichana uzito mbele ya wenzake wala kumhimiza ajinyime chakula. Hedhi ikikatika, apelekwe kliniki. Huenda ni dalili ya mwili kukosa nishati, na mifupa inaweza kuathirika.

Wazazi wa Korbesa, kabla ya kutia saini fomu ya ruhusa, muulizeni mkuu wa chuo mambo mawili: ni nani anayefuata mashua majini, na binti akitendewa vibaya atamwendea nani asiyekuwa kocha wake? Takeni majibu kwa maandishi. Yakikosekana, msitie saini.