Kuichunga Hifadhidata kutoka Mbali

Adhuhuri moja niliitwa kwa haraka katika duka la dawa la jumla ambalo mfumo wake wa mauzo nilikuwa nimekabidhiwa kuutunza, nikaambiwa kwamba hifadhidata imekufa. Nami nilipoingia kwenye seva sikukuta diski iliyojaa wala kitu kilichoharibika, bali PostgreSQL ilikuwa hai na salama, ila nafasi zake za miunganisho, ambazo kwa asili ni 100, zilikuwa zimekwisha zote isipokuwa zile 3 zinazowekwa akiba kwa msimamizi mkuu, na kwa hizo ndipo nilipopata njia ya kuingia.

Nilipoitazama pg_stat_activity sababu ilidhihirika: programu ya mauzo ilikuwa ikifungua muamala, kisha ikiuacha wazi bila ya kuuthibitisha wala kuutangua, na kila muamala uliosahauliwa ulikalia nafasi ya mwingine. Dhara hilo lilijilimbikiza tangu asubuhi, na lililonihuzunisha ni kuwa hapakuwa na jicho lililoliona.

Tangu hapo nimeshika desturi hii. Kwanza humuunda mtumiaji wa pekee na kumpa daraka la pg_monitor, lililopo tangu toleo la 10, ambalo humwezesha kusoma takwimu bila ya kumpa idhini ya kusoma majedwali ya wenyewe. Kumkabidhi mfuatiliaji madaraka ya msimamizi mkuu ni kosa nisiloliridhia hata kwa siku moja. Kisha husimika postgres_exporter katika seva ileile, ikitoa vipimo kwenye mlango wa 9187, na Grafana Alloy huvisoma na kuvisukuma hadi Grafana Cloud. Nalitilia mkazo neno hilo kuvisukuma, kwa kuwa mawasiliano huanzia ndani kwenda nje, na maadamu ni hivyo, hapana haja yoyote ya kuufungulia ulimwengu mlango wa 5432. Fauka ya hayo, matini ya maulizo yenyewe siyapeleki winguni, kwani aghalabu yamebeba majina ya watu na dawa wanazotumia, na hiyo ni amana.

Dashibodi zilizotengenezwa tayari huja na grafu tele. Mimi nilizifuta nyingi, nikabakiza idadi ya miunganisho kwa hali zake, umri wa muamala mkongwe kuliko yote, na nafasi ya diski. Arifa nimeiweka itumwe miunganisho inapozidi asilimia 80 kwa muda wa dakika 5 mfululizo, maana kila asubuhi duka linapofunguliwa idadi hupanda ghafla na kushuka yenyewe, na arifa inayolia bure huzoeleka hata ikapuuzwa. Kadhalika niliiwekea idle_in_transaction_session_timeout muda wa dakika 5, kwani kwa asili yake haizuii chochote, ili muamala ulioachwa ukatwe na seva wakati waandishi wa programu wakiendelea kuirekebisha.

Usiku mmoja seva yote ilizimika, wala sikupata habari. Nilikuwa nimeamuru kwamba kukosekana kwa vipimo kuhesabiwe kuwa ni hali ya salama, na kwa kuwa hakuna kilichofika, hakuna kiwango kilichovukwa. Niliubadilisha uamuzi huo kabla ya alfajiri, na sasa ukimya wa dakika 10 nao huniamsha.