UNAUZA PLETI YA WINCHI MTANDAONI? USIPOKEE HELA KABLA HUJAULIZA HAYA MAMBO 7

Somo la leo ni la wale wanaouza spea na mapambo ya magari mtandaoni, hasa vifaa vya magari ya porini. Hata kama wewe unauza viatu au vyombo, soma mpaka mwisho. Kosa ni lile lile, bidhaa tu ndiyo tofauti.

Nianze na langu mwenyewe. Kipindi naanza kuuza vifaa vya gari, nilipost picha ya pleti ya kufungia winchi, ile inayokaa mbele nyuma ya bampa. Picha ilikuwa kali. Mteja akaja inboksi: "Kaka, inafiti Prado?" Nikamjibu haraka, nisije nikampoteza: "Inafiti boss, karibu sana." Akatuma hela, nikapeleka mzigo stendi, nikalala usingizi mzuri.

Kesho yake napigiwa simu na fundi wake. Matundu ya pleti hayakutani na ya chesesi. Fundi ameshafungua bampa, gari halitembei, na mwenye gari ana safari asubuhi. Fundi ananiuliza, "Nitoboe upya au nichomelee?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nauza kitu nisichokijua.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme faida yako kwenye pleti ni 60,000. Mzigo ukirudi unalipa nauli 20,000, ya kutuma mwingine 20,000, na fundi anadai 30,000 ya kufungua na kufunga bure. Jumla 70,000. Umefanya kazi siku tatu, umepoteza 10,000, na mteja hakuamini tena.

Hiyo ni hasara ya hela. Kuna mbaya zaidi. Winchi ni mashine ya kuvuta gari zima kutoka kwenye tope. Pleti ikiachia wakati kamba imekazwa, chuma kinaruka. Mtu aliyesimama pale mbele anaweza kupoteza mguu au maisha. Kwa hiyo "inafiti boss" sio neno la kulitupa tu.

KWANZA UELEWE UNACHOUZA

Wateja wengi wanadhani winchi inafungwa kwenye bampa. Sivyo. Bampa nyingi za kiwandani ni plastiki na bati jembamba, hazibebi nguvu ya kuvuta. Winchi inakaa kwenye pleti ya chuma, na pleti inafungwa kwa bolti kwenye ncha mbili za chesesi. Nguvu yote inatakiwa kwenda kwenye chesesi. Bampa za chuma zinazouzwa kwa ajili ya winchi zina pleti hiyo ndani, na zenyewe zinashika chesesi.

Ukielewa hapo tu, umeshawazidi nusu ya wanaopost picha na kuandika "bei inboksi".

Sasa maswali yenyewe.

1. GARI GANI HASA?

"Prado" sio jibu. Kuna Prado J90, J120 na J150, na mbele zake hazifanani. J150 yenyewe ilibadilishwa sura zaidi ya mara moja, kwa hiyo bampa ya mwaka mmoja inaweza isikae kwenye ya mwaka mwingine. Mwombe mteja kodi ya modeli kutoka kwenye kadi ya gari, mfano TRJ120, pamoja na mwaka wa kutengenezwa. Halafu mwombe picha mbili: mbele ya gari nzima, na ncha za chesesi akiinama chini. Akisema hana muda wa kupiga picha, mwambie kwa upole kwamba dakika mbili za picha zitamwokolea wiki ya usumbufu.

2. WINCHI YAKE INA MATUNDU YA KIPIMO GANI?

Winchi nyingi za gari, kuanzia zile za pauni 8,000 hadi 12,000, zina matundu manne ya miguu kwa kipimo kimoja: milimita 254 kwa upana na milimita 114.3 kwa urefu, yaani inchi 10 kwa inchi 4.5. Inapimwa kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, sio ukingo kwa ukingo. Winchi ndogo za pikipiki za magurudumu manne zina kipimo kidogo zaidi na hazikai hapo. Chukua futi, pima pleti yako leo, andika vipimo kwenye posti.

3. GARI LINA UZITO GANI LIKIWA LIMEPAKIWA?

Kanuni inayotumika sana: chukua uzito wa gari likiwa na mafuta, watu na mizigo, zidisha kwa 1.5. Gari la kilo 2,800 linahitaji winchi ya kuvuta kilo 4,200. Winchi iliyoandikwa pauni 9,500 ni kama kilo 4,300, kwa hiyo inatosha. Ya pauni 8,000 ni kama kilo 3,600, hiyo haitoshi hata kama bei yake inamvutia.

Kingine, ile namba iliyoandikwa kwenye winchi inapatikana kamba ikiwa imebaki tabaka la kwanza tu kwenye ngoma. Kadiri kamba inavyojaa juu ya ngoma, nguvu inapungua. Ndiyo maana wazoefu wanatumia kapi: kamba inaenda mpaka kwenye mti, inapita kwenye kapi, inarudi kwenye gari. Nguvu inakaribia kuwa mara mbili. Hapo umeuza pleti, na kapi pia umeuza.

4. KAMBA NI YA CHUMA AU YA SINTETIKI?

Kamba ya waya wa chuma inapita kwenye rola nne. Kamba laini ya sintetiki inapita kwenye kipande laini cha alumini chenye mdomo wa mviringo. Mteja akihama kutoka chuma kwenda sintetiki na kuacha rola zilezile za zamani, mikwaruzo ya waya itaichana kamba mpya. Vyote viwili vinafungwa kwa matundu ya umbali wa milimita 254, kwa hiyo kubadilisha ni rahisi. Muulize kabla, uza seti kamili.

5. UMEME NI VOLTI 12 AU 24?

Usidanganyike na betri mbili. Gari lenye betri mbili linaweza kuwa la volti 12 au la volti 24, inategemea zilivyounganishwa. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli za zamani na malori ni 24. Motor ya volti 12 ukiipa 24 unaichoma. Fundi apime kwa mita, akutumie picha.

Pia mkumbushe kwamba winchi ikivuta mzigo mzito inaweza kula ampia 400 au zaidi. Waya zinakwenda moja kwa moja kwenye betri, nene kama zilivyokuja na winchi, sio kuungia kwenye waya wa taa. Betri iliyochoka haivuti gari, ni kujidanganya.

6. REJETA, TAA NA NAMBA YA GARI

Winchi kubwa inaziba hewa ya rejeta. Kwenye mlima na joto, gari linaweza kuchemka. Hakikisha pleti inaiweka winchi chini ya njia kuu ya hewa. Angalia pia kama inaziba taa au namba ya gari. Namba lazima ionekane, hivyo kama inazibwa, mteja ajue mapema kwamba atahitaji kishikio kingine.

Na kama gari lina eabegi, muulize aliyekuuzia wewe kama bampa hiyo ilitengenezwa kwa gari lenye eabegi. Bampa ya chuma inabadilisha namna gari linavyopokea kishindo. Kama hujapata jibu la uhakika, usiuze kwa gari hilo.

7. NANI ANAFUNGA?

Hapa ndipo wauzaji wengi tunapolala. Tunasema "fundi wako atajua". Mtumie fundi maelekezo mafupi. Mimi siku hizi nayatuma WhatsApp pamoja na risiti. Haya hapa, yachukue:

- Toa waya wa hasi kwenye betri kabla ya kuanza.
- Fungua bampa na grili, safisha ncha za chesesi. Ukiona kutu imekula au ufa, simama hapo, usifunge.
- Weka pleti, shika bolti zote kwa mkono kwanza, usikaze hata moja. Zikikubali zote, ndipo ukaze. Usilazimishe tundu kwa nyundo.
- Tumia bolti zilizokuja na pleti au zenye alama 8.8 kichwani. Bolti za kuokota hazina nafasi hapa.
- Bolti za miguu ya winchi zisiwe ndefu kupita kiasi. Zikigonga mwisho ndani, zinaonekana zimekaza kumbe winchi inacheza.
- Kama pleti ikishakaa hutafikia bolti za winchi, funga winchi kwenye pleti kwanza, halafu inua vyote pamoja. Vina uzito, tafuta mtu wa pili.
- Hakikisha mkono wa kuachia klachi unafikika grili ikirudishwa. Wengi wanalisahau hili, wanafungua gari mara mbili.
- Pitisha waya mbali na bomba la moshi, feni na kona kali za chuma. Unganisha betri mwisho kabisa.
- Kamba ijizungushe upande ulioelekezwa na kiwanda, kwa kawaida inatoka chini ya ngoma. Ikizungushwa kinyume, breki ya winchi inaweza isishike.
- Vuta kamba nje, acha mizunguko michache kwenye ngoma (mitano au zaidi kwa waya wa chuma, sintetiki ni zaidi), halafu irudishe ikiwa na mzigo mdogo ili ijipange vizuri.
- Baada ya kuvuta mara ya kwanza, rudia kukaza bolti zote.

Kuhusu kuchomelea: pleti nzuri inatumia matundu yaliyopo kwenye chesesi. Fundi akisema lazima achomelee ili ikae, mara nyingi maana yake umetuma pleti isiyo ya gari hilo. Mwambie asubiri, badilisha mzigo.

KAMA UNATENGENEZESHA KWA MAFUNDI WA MTAANI

Hakuna ubaya, mafundi wetu wanajua kazi. Ila usipeleke picha ukasema "nitengenezee kama hii". Peleka vipimo. Pleti nyingi za kueleweka zina unene wa milimita 5 hadi 6. Bati la milimita 3 ukilipaka rangi nyeusi linapendeza kwenye picha, lakini likivutwa linakunja. Ukipata fundi anayekuambia "hii itatosha tu", jiulize: ningesimama mimi mbele ya gari hilo likivutwa?

POSTI YAKO IANDIKE HIVI

Badala ya "Winchi pleti kali, bei inboksi", andika hivi:

"Pleti ya winchi kwa Prado J120. Unene milimita 6. Matundu ya winchi 254 kwa 114.3. Inakuja na bolti za 8.8 na maelekezo ya fundi. Haikai J90 wala J150. Tuma picha ya mbele ya gari lako tuhakikishe kabla ya kulipia."

Umeona sentensi ya "haikai"? Wengi wanaogopa kuiandika. Mimi niliogopa pia. Lakini mteja akikuona unakataa hela isiyo yako, anaanza kukuamini kwenye hela iliyo yako. Yule mteja wangu wa kwanza nilimrudishia hela yake yote pamoja na gharama ya fundi. Iliniuma. Baada ya miezi kadhaa alirudi na gari lingine, akatuma picha sita za chesesi bila kuombwa, akaandika: "Angalia kwanza, ukisema haikai nitaelewa."

Mwisho, wekeni makubaliano ya kurudisha mzigo kwa maandishi kabla ya malipo: nani analipa nauli kama kosa ni la muuzaji, nani analipa kama mteja alitoa taarifa isiyo sahihi. Mistari miwili tu WhatsApp inatosha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na makubaliano nayo ni hivyo hivyo.

KAZI YA LEO: chukua bidhaa moja unayoiuza, andika maswali matatu ambayo hujawahi kumuuliza mteja kabla ya kupokea hela. Yaweke hapo kwenye maoni, tusaidiane. Na kama una mwenzako anayeuza spea, mtumie somo hili kabla hajamjibu mtu "inafiti boss".

Biashara njema.