Somo: Milima Tunayoitazama (Zaburi 121)

Kabla ya kuendelea, fungueni Biblia msome Zaburi 121 yote, ni mistari minane tu. Mtoto anayejua kusoma awasomee wengine.

Zaburi hii ni moja kati ya zile 15 (120 hadi 134) za watu waliopanda kwenda Yerusalemu kwa sikukuu. Aliyetokea Yeriko alipanda zaidi ya mita 1,000 kwa miguu, tena katika njia ya wanyang'anyi, kama tunavyosoma Luka 10. Ndiyo maana Zaburi inataja mguu unaoteleza, jua la mchana na ulinzi wa usiku. Ni mambo ya msafiri hasa.

Sisi tuliielewa vizuri zaidi siku tulipopanda kilima cha Vugizo, Bujumbura, kwenda kuona kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Tulikuwa watu saba wa kikundi cha maombi, wote wakimbizi wa upande wa Uvira, na ili kuokoa pesa hatukuchukua teksi. Barabara ya Kiriri inapinda na kupinda. Ukidhani umefika, unakuta kona nyingine. Tulibeba chupa moja ya maji kwa watu wote saba. Msifanye hivyo! Bibi mmoja alikaa chini mara tatu. Vijana wakachukua mfuko wake, kisha wakamshika mikono, huyu huku na huyu huku, kama Haruni na Huri walivyomshika Musa (Kutoka 17).

Juu kuna matao matatu na kaburi. Rwagasore alikuwa mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Aliwaita Wahutu na Watutsi wawe kitu kimoja, na Waswahili wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono. Chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961, akawa waziri mkuu. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi hotelini, kando ya ziwa. Alikuwa na miaka 29. Uhuru ulikuja 1 Julai 1962, yeye hayupo.

Lakini hatukulitazama kaburi kwa muda mrefu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, vumbi limetulia, na ng'ambo ya Tanganyika milima ya Kongo ilionekana karibu kama ya jirani. Bibi akanyoosha kidole. "Wajukuu wangu, kwetu ni pale." Hakuna aliyejibu.

Sasa tazameni mstari wa kwanza. Mwimbaji anaitazama milima na kuuliza msaada wake utatoka wapi. Hasemi kwamba unatoka milimani. Sisi kwa miaka mingi tumeomba kana kwamba milima ile ndiyo itakayotuokoa: tukirudi tutasamehe, tukirudi watoto watasoma, tukirudi tutamtumikia Mungu vizuri. Kutamani kwetu si dhambi. Lakini aliyeiumba milima yuko pande zote mbili za ziwa, na mstari wa pili unatuelekeza kwake.

Kuna jambo gumu ambalo hatutalikwepa. Upande ule wa mto Rusizi, njia ya mpakani hupita Gatumba. Huko, usiku wa 13 Agosti 2004, wakimbizi wa Kongo zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa kambini. Walikuwemo watu wa maombi. Pale juu kijana mmoja aliuliza: Mlinzi asiyesinzia alikuwa wapi usiku ule? Mzee wa kanisa hakumkemea, nasi hatumkemei. Hatuna jibu la kila kitu. Tunaona tu kwamba mstari wa mwisho unaufikisha ulinzi huo hata milele, yaani ng'ambo ya kaburi, na hapo ndipo tunaposhikilia. Anayemwambia mfiwa kwamba marehemu wake alikosa imani, asome Luka 13:4 kuhusu mnara wa Siloamu, kisha arudi kuomba msamaha.

Jioni hii, baba na mama, waulizeni watoto, nao wawaulize ninyi: ni jambo gani tumeliahirisha tukisema "tukirudi kwetu"? Lipi linaweza kuanza wiki hii, hapa hapa? Na katika safu yetu ya nyumba, ni nani aliyekaa chini njiani, na mfuko wake tumchukulie vipi?

Juma lijalo ni Zaburi 122. Njooni mmeisoma.