Mwalimu Katika Nyumba ya Watawa

Katika bara la Asia iko nchi iitwayo Laos. Nchi hiyo haina pwani. Imezungukwa na nchi tano, nazo ni Uchina, Vietnam, Kambodia, Thailand, na Myanmar iliyoitwa Burma zamani. Mto mkubwa wa Mekong hupita humo, na mahali ambapo mto mdogo wa Nam Khan huingia katika Mekong pana mji wa kale, jina lake Luang Prabang. Wafalme wa Laos walikuwa na jumba lao katika mji huo hata mwaka 1975, ufalme ulipokoma. Mahekalu ya dini ya Budha ni mengi huko, na kandokando yake zimo nyumba za watawa.

Wengi wa wakaao katika nyumba hizo ni wavulana. Baba zao ni wakulima wa mpunga vijijini, wala hawana fedha za kuwasomesha. Kwa hiyo mtoto mwenye hamu ya elimu hupelekwa mjini, akanyolewa kichwa, akavikwa vazi la rangi ya manjano, akawa mwanafunzi wa utawa. Hapo hupata chakula, mahali pa kulala, na shule. Naye hana budi kushika amri kumi. Akitimiza miaka 20 aweza kuwa mtawa kamili, mwenye sheria 227. Lakini akitaka kurudi kwao, hurudi, wala hapati aibu. Na wengi hurudi.

Basi wavulana hao hufikiri sana juu ya kazi watakayoifanya baadaye. Wafaransa waliitawala Laos tangu mwaka 1893 hata 1953, na wazee waliosoma shule walijifunza Kifaransa. Lakini mwaka 1997 Laos iliingia katika umoja wa nchi za Kusini-Mashariki ya Asia, na umoja huo hufanya kazi zake kwa Kiingereza. Tena wageni wengi huja kuutazama mji. Kijana ajuaye Kiingereza hupata njia. Asiyekijua huona milango mingi imefungwa. Ndiyo sababu walimu wa kujitolea hutoka nchi za mbali, wakaja kufundisha katika nyumba za watawa bila mshahara.

Yafaa kumfuata mwalimu mmoja wa namna hiyo katika kazi yake.

Alfajiri, kungali giza, watawa huamka wakasali. Kukipambazuka hutoka kwa mstari mmoja, wakubwa mbele na wadogo nyuma, miguu mitupu, kila mtu na bakuli lake. Watu wa mji hukaa kando ya njia, wakatia tonge dogo la wali wa kunata katika kila bakuli. Hapana aombaye, wala hapana asemaye neno. Mwalimu akitaka kutazama, husimama mbali na kunyamaza. Chakula hicho huliwa asubuhi, na tena kabla ya saa sita. Adhuhuri ikipita, mtawa hali kitu mpaka kesho yake. Hunywa maji au chai tu.

Kabla ya kufundisha, mwalimu huyu alijifunza adabu za mahali. Alivua viatu mlangoni. Alivaa nguo za kufunika mabega na magoti. Hakumshika mwanafunzi kichwa, maana kichwa huheshimiwa sana. Wala hakumwelekezea mtu nyayo za miguu. Mwalimu akiwa mwanamke, hamgusi mtawa kabisa: akitaka kumpa daftari, huliweka mezani, naye mwanafunzi hulichukua.

Siku ya kwanza aliandika ubaoni maneno ya kuamkiana na ya kutaja jina. Wavulana walijibu pamoja kwa sauti kubwa, pasipo kosa hata moja. Mwalimu akafurahi sana. Kisha akamwuliza mmoja wao, "Jana ulifanya nini?" Mvulana akatazama chini. Akamwuliza wa pili, naye akanyamaza. Darasa zima likanyamaza.

Somo lilipokwisha, mwanafunzi mmoja mkubwa alimkaribia kwa haya, akaweka mezani madaftari manne. Kila daftari lilianza kwa somo lile lile la kuamkiana, na kurasa za nyuma zilikuwa nyeupe. Akasema polepole, "Mwalimu, kila mgeni huanza hapa. Halafu huondoka."

Usiku ule mwalimu hakupata usingizi upesi. Aliona ya kuwa wavulana hawakukosa akili. Kila jioni waliimba sala ndefu za Kipali kwa moyo, bila kitabu, kukariri hakukuwashinda. Walichokosa ni mtu wa kuwavusha kutoka somo la kwanza kwenda la pili.

Kesho yake aliwapanga wawili wawili, mmoja aulize na mwenziwe ajibu kwa maneno yake mwenyewe. Lakini waliogopa kukosea. Tena saa ilikuwa kumi alasiri, nao hawakula tangu adhuhuri, na mwalimu kwa kutofikiri alikuwa amechagua somo la vyakula! Mvulana mmoja akajitia moyo, akataka kusema kwamba hula wali kila siku. Lakini katika Kiingereza jina la wali na jina la chawa zimetengwa na sauti moja tu, r na l. Na kwa watu wa Laos sauti ya r ni ngumu kuitamka. Kumbe alisema, "Twala chawa kila siku." Waliofahamu wakacheka, na yule mvulana akafunika uso kwa vazi lake.

Mwalimu hakumkemea mtu. Alijaribu kumwita mbele kwa lugha ya Kilao. Katika lugha hiyo neno "ma" lina maana ya "njoo", au "mbwa", au "farasi", kwa jinsi sauti ipandavyo na kushuka. Mwalimu akakosea sauti, akamwita mwanafunzi wake mbwa. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu akacheka pamoja nao. Yule mvulana akafunua uso, akamfundisha mwalimu wake kutamka neno lile mara tatu, hata akaliweza. Tangu siku hiyo hofu iliwatoka. Walikosea sana, wakasahihishana sana, wakaendelea.

Miezi yake ilipokaribia kwisha, mwalimu alinunua daftari kubwa. Akaandika humo kila somo lililofundishwa, makosa yaliyorudi mara nyingi, na mahali kila mwanafunzi alipofika. Katika ukurasa wa kwanza aliandika: "Tafadhali usianze kwa kuamkiana. Anza ukurasa wa arobaini." Akalikabidhi kwa yule mwanafunzi mkubwa, si kwa mgeni ye yote, kwa kuwa wageni hupita, na mwenyeji hubaki.

Atakaye kuwasaidia watu, yampasa kwanza kuuliza walipofika. Moyo mwema ni mwanzo tu wa kazi. Na mwalimu mwema hufikiri juu ya siku ambayo yeye mwenyewe hatakuwapo.

Maswali

1. Kwa nini wavulana wengi huingia katika nyumba za watawa?
2. Watawa hupataje chakula chao, na huacha kula saa ngapi?
3. Madaftari manne yalimfundisha mwalimu neno gani?
4. Kosa la mwalimu liliwasaidiaje wanafunzi kuacha hofu?
5. Kwa nini daftari kubwa lilikabidhiwa kwa mwanafunzi?