Lugha ya Kizimbani: Somo Linalomsubiri Mwanafunzi wa Haki ya Jinai Kisumu

Utangulizi

Kila mwaka vyuo vikuu vya Kenya hupokea vijana wanaotaka kusomea shahada ya kwanza katika taaluma ya uhalifu na haki ya jinai. Aghalabu hufika darasani wakiwa na picha mbili akilini: ya mpelelezi anayefichua siri ya mauaji, na ya wakili anayemtetea mteja mbele ya jaji. Picha zote mbili zina kasoro. Ieleweke kwamba shahada hii si shahada ya sheria. Anayetaka kuwa wakili sharti apate shahada ya sheria kwanza, kisha mafunzo ya kitaalamu, kisha muda wa kufanya kazi chini ya wakili mzoefu. Mhitimu wa haki ya jinai huelekea kwingine: kwenye idara ya probesheni, magereza, polisi, taasisi za utafiti, au mashirika ya haki za binadamu. Husoma nadharia za chanzo cha uhalifu, sosholojia, saikolojia, takwimu, misingi ya sheria ya jinai na ya ushahidi, na falsafa ya adhabu.

Katika orodha hiyo lugha kwa kawaida haimo. Makala hii inashikilia kwamba pengo hilo ni kubwa kuliko linavyodhaniwa, na kwamba linadhihirika waziwazi Kisumu na katika ufuo wa Ziwa Viktoria. Huku shauri moja huweza kupita katika lugha tatu kabla ya adhuhuri: mshtakiwa anajieleza kwa Kijaluo, mkalimani anageuza maneno yake kwa Kiswahili, na hakimu anayaandika kwa Kiingereza. Kinachobaki katika kumbukumbu ya mahakama, na ambacho jaji wa rufaa atakisoma, ni lile andiko la tatu.

Sheria na lugha

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu cha 49 kinamtaka afisa anayemkamata mtu amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 50 nacho kinampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 198, inaagiza kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili.

Ng'ambo ya pili ya ziwa mambo yamekwenda mkondo mwingine. Jaji Zephrine Galeba, akiwa Mahakama Kuu ya Musoma, aliandika uamuzi kwa Kiswahili katika shauri lililohusu mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mnamo Februari 2021 Rais John Magufuli alimpandisha hadi Mahakama ya Rufani na kuitaja hatua hiyo. Mwaka huohuo Bunge la Tanzania lilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hata hivyo, mwanafunzi asikimbilie kudhani kwamba kubadilisha lugha ya hukumu kunamaliza tatizo. Mzee wa Usenge au Mbita ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni atahitaji mkalimani hata hakimu akiandika Kiswahili sanifu.

"Ni kweli"

Mahali ambapo lugha huweza kumpeleka mtu gerezani kwa wepesi mkubwa ni pale anapojibu mashtaka. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakama za Kenya hungali zinaufuata. Shtaka na kila kipengele chake sharti vifafanuliwe kwa mshtakiwa katika lugha yake au lugha anayoielewa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kadiri iwezekanavyo. Akikiri, upande wa mashtaka ueleze mambo yalivyotokea, naye apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza maelezo. Akitamka jambo linalotia shaka, ihesabiwe kwamba amekana.

Kwa nini uangalifu wote huu? Kwa sababu kifungu cha 348 cha sheria iliyotajwa hapo juu kinamzuia aliyekiri kosa katika mahakama ya chini kukata rufaa, isipokuwa kuhusu uzito au uhalali wa adhabu. Akitaka kusikilizwa zaidi ya hapo, hana budi kuonyesha kwamba kukiri kwake hakukuwa kukiri.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni wa mvuvi wa ufuo wa Dunga. Amegombana na mwenzake juu ya wavu walioununua pamoja. Usiku mmoja anauchukua kutoka kwenye mashua ya mwenzake, na asubuhi anakamatwa. Mahakamani karani anasoma shtaka la wizi, na mkalimani, pengine kwa kuwa orodha ya kesi ni ndefu, anamuuliza kwa mkato kama aliuchukua wavu. Mvuvi anajibu kwamba ni kweli. Jibu lake ni la mtu mkweli. Hata hivyo kosa la wizi, kwa mujibu wa kifungu cha 268 cha Sheria ya Adhabu, si kuchukua tu. Ni kuchukua kwa hila na bila dai la haki. Kijaluo kinatofautisha "kawo", kuchukua, na "kwalo", kuiba, kama Kiswahili kinavyofanya. Mvuvi amekiri la kwanza, na kumbukumbu imeandika la pili. Wizi wa kawaida waweza kumfunga mtu hadi miaka mitatu. Laiti angeulizwa kama wavu ulikuwa wa mwenzake peke yake, angejibu la, na kesi ingesikilizwa.

Mwanafunzi anayeelewa mfano huu ameelewa nadharia ya vipengele vya kosa kuliko aliyekariri sura nzima ya kitabu. Vilevile ameelewa kwamba mkalimani si bomba la kupitishia maneno. Mkalimani huchagua, na uchaguzi wake una matokeo.

Maneno ya staha

Tatizo jingine hutokea katika kesi zinazoendeshwa chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006. Mtoto aliyelelewa kwa adabu hataji viungo vya mwili mbele ya watu wazima. Husema mtu fulani "alinifanyia tabia mbaya". Sheria kwa upande wake inadai kitendo kithibitishwe waziwazi, kwa kuwa kila kosa lina tafsiri yake na adhabu yake. Mahakama za Kenya zimekwisha kukubali kwamba tafsida za namna hii ni za kawaida kwa watoto, na kwamba zinaweza kueleweka zikisomwa pamoja na ushahidi mwingine. Hapa ndipo mwanafunzi wa isimujamii na mwanafunzi wa haki ya jinai wanapopaswa kuketi dawati moja. Inasikitisha kwamba mara nyingi hata majengo yao hayapakani.

Kuwajibika na kuwa na hatia

Kisumu ina historia chungu ya mapambano baina ya raia na polisi. Tarehe 25 Oktoba 1969 watu waliuawa kwa risasi wakati wa ziara ya Rais Jomo Kenyatta ya kufungua hospitali mpya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote, 405 kati yavyo vya risasi, na Kisumu ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia sana.

Agosti 2017, baada ya matokeo ya uchaguzi wa urais kutangazwa, mtoto mchanga wa miezi sita, Samantha Pendo, alijeruhiwa kichwani wakati wa msako wa polisi katika mtaa wa Nyalenda, akafa siku chache baadaye. Uchunguzi wa mahakama kuhusu kifo chake uliendeshwa Kisumu, na Februari 2019 Hakimu Beryl Omollo akatoa uamuzi kwamba makamanda watano wa polisi walipaswa kuwajibika. Magazeti na watu mitaani waliuzungumzia uamuzi huo kana kwamba watu wamehukumiwa. Haikuwa hivyo. Uchunguzi wa chanzo cha kifo haumtii mtu hatiani; hutafuta nani alikufa, vipi, na kama kuna anayefaa kushtakiwa. Mashtaka ni hatua nyingine, nayo ilichelewa: Oktoba 2022 ndipo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma alipotangaza kuidhinisha mashtaka dhidi ya maafisa kadhaa, yakiwemo ya uhalifu dhidi ya binadamu chini ya Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya mwaka 2008. Jamaa wa marehemu wanaoambiwa "wamepatikana" mwaka 2019, kisha wakaona miaka mitatu ikipita bila shtaka, hawana budi kuamini kwamba wamedanganywa. Neno moja lililofafanuliwa mapema lingewapunguzia uchungu huo, ijapokuwa lisingeiharakisha kesi.

Katika mafunzo ya nyanjani

Anayepelekwa kwa mafunzo kwenye ofisi ya probesheni atakuta kazi kubwa ni kuandaa ripoti kwa ajili ya hakimu kabla ya adhabu. Anakwenda Manyatta au Obunga, anazungumza na mama wa mshtakiwa, majirani na mzee wa mtaa kwa Kijaluo au Kiswahili, kisha anaandika kwa Kiingereza. Ripoti hiyo yaweza kusaidia kuamua kama mtu atatumikia jamii chini ya sheria ya mwaka 1998 au atapelekwa Kodiaga. Mama akisema mwanawe "ni mkaidi", afisa ataandika nini? Mtoto mbishi wa nyumbani, au mtu asiyeweza kurekebishika?

Na huko Kodiaga kwenyewe, mwanafunzi asiwaite wote wafungwa. Gereza kwa Kijaluo ni "od twech", nyumba ya kufungia, na kwa macho ya mpita njia kila aliye ndani amefungwa. Mahabusu anayesubiri kesi yake bado ni mshtakiwa, na Katiba inamhesabu kuwa hana hatia.