Somo la 23: Sarafu ya Zamani

Katika nyumba nyingine za Bukavu, huko Kadutu, Ibanda au Bagira, kuna sarafu kuukuu ndani ya sanduku. Sarafu hiyo hainunui kitu tena. Leo sokoni watu hulipa kwa noti. Lakini wako watu wanaokusanya sarafu za zamani, na nyingine huzinunua kwa bei kubwa. Basi yafaa kujua namna ya kuzipima, kuzitunza na kuzipiga picha.

Sarafu za Kongo

Sarafu za kwanza za Kongo zina mwaka 1887 au 1888. Zile za shaba zina tundu katikati. Mwaka 1943 ilitoka sarafu ya faranga 2, yenye pande sita na picha ya tembo. Siku zile kulikuwa na vita, na Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Kwa hiyo sarafu hiyo ilipigwa mbali, katika mji wa Philadelphia, Marekani. Mwaka 1965 ilitoka faranga 10 yenye kichwa cha simba. Mwaka 1967 zaire ilichukua mahali pa faranga, zikaja sarafu za likuta na sengi. Faranga ilirudi mwaka 1998.

Kuipima

Sarafu ikipita katika mikono mingi, huchakaa. Huanza kuchakaa mahali palipoinuka. Juu ya tembo, tazama sikio na kichwa. Juu ya simba, tazama pua na nywele. Wafanya biashara wa Ufaransa na Ubelgiji huandika daraja kwa herufi:

FDC: haikutumika kamwe, wala haina kasoro.
SUP: imechakaa kidogo sana.
TTB: palipoinuka pamechakaa, lakini picha yaonekana vizuri.
TB: imechakaa sana, lakini maandishi yasomeka.
B: picha imebaki kama kivuli.

Angalia jambo hili. B ni mwanzo wa neno la Kifaransa lenye maana ya “nzuri”. Lakini sarafu ya B ndiyo iliyochakaa kuliko zote hizo. Asiyejua hayo hudanganyika upesi.

Uzee si uchafu

Mtoto mmoja alipewa na babu yake sarafu mbili za tembo. Zote mbili zilikuwa nyeusi-nyeusi. Mtoto akachukua moja, akaisugua kwa limau na mchanga mpaka ikang’aa. Akafurahi sana.

Kesho yake alikuja mnunuzi. Akaishika ile nyeusi, akaigeuza, akasema: “Hii nitainunua.” Ile yenye kung’aa akairudisha mezani.

Mtoto akauliza: “Bwana, mbona umeacha iliyo nzuri?”

Mnunuzi akamwonyesha mikwaruzo ya mchanga. Akasema: “Ngozi yake imeondoka. Hairudi tena.”

Mtoto akainamisha kichwa. Babu akamwambia: “Mjukuu wangu, baba yangu alizipata sarafu hizi kwa jasho lake. Uzee wake si uchafu. Usiuondoe.”

Kwa hiyo usisugue sarafu kwa mchanga, majivu, limau wala dawa ya meno. Nawa mikono, ikauke, kisha shika sarafu kwenye ukingo tu. Bukavu kuna mvua nyingi, na unyevu huharibu shaba. Weka kila sarafu peke yake katika bahasha ya karatasi, mahali pakavu.

Kupiga picha nyumbani

1. Weka meza karibu na dirisha, jua lisipopiga moja kwa moja. Tandika karatasi isiyong’aa.
2. Pangusa kioo cha kamera ya simu kwa kitambaa laini.
3. Panga vitabu mafungu mawili yenye urefu sawa, laza simu juu yake, na sarafu iwe chini katikati. Hivyo simu haitikisiki, na sarafu ya mviringo haionekani kama yai.
4. Usiwashe taa ya simu. Taa hiyo hufanya sarafu ing’ae na kuficha alama zake. Mwanga utoke upande mmoja, ndipo picha ya tembo itainuka na mikwaruzo itaonekana.
5. Upande wa pili simamisha karatasi nyeupe, ipunguze kivuli.
6. Piga pande zote mbili. Mwaka usomeke.

Picha njema haipambi sarafu, huionyesha ilivyo. Mtu aliye mbali hawezi kuishika sarafu yako. Huamini picha na maneno yako tu. Ukificha mkwaruzo, umemwibia. Wazee husema: Njia ya mwongo ni fupi.

Mwishowe andika katika daftari: jina la sarafu, mwaka, daraja, kasoro zake, na nani aliyekupa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali

1. Kwa nini sarafu ya mwaka 1943 ilipigwa Marekani?
2. Sarafu huanza kuchakaa mahali gani?
3. Kwa nini mnunuzi aliikataa sarafu yenye kung’aa?
4. Mwanga wa upande mmoja wafaa nini?

Zoezi

Chukua sarafu yoyote, au kifungo cha chuma. Kichore pande zote mbili. Kisha andika sentensi tatu za kweli juu ya kasoro zake.